Kasi ya Marathoni: Lini Ufuate Saa, Lini Ufuate Pumzi

Alphonce Simbu alipompiku Mjerumani Amanal Petros kwenye mstari wa mwisho wa marathoni mjini Tokyo, Septemba 15, 2025, tofauti yao ilikuwa sekunde 0.03. Tanzania ikapata dhahabu yake ya kwanza ya Mashindano ya Dunia ya Riadha, na vikundi vya joging nchi nzima vikapata makocha wapya. Katika ukanda wa dhahabu wa Geita, kuanzia mwalo wa Nkome ukingoni mwa Ziwa Victoria hadi Nzera, Katoro na Geita mjini, anayejiandaa kwenda Moshi kwa Kilimanjaro Marathon ya mwishoni mwa Februari hakosi ushauri. Anachokosa ni ushauri unaoelewana.

Mmoja atamwambia ajibane mpaka mwisho kama Simbu. Mwingine, kwa kawaida mtu mzima kidogo, atamkumbusha kwamba Mtanzania mwingine, Juma Ikangaa, hakuwahi kujibana: alitangulia, wenzake wakamfukuza. Wa tatu ana saa ya mkononi inayolia kila kilomita, naye anasema gawa muda unaoutaka kwa kilomita 42, shika namba hiyo hadi utepe. Wa nne anashauri kutembea kila baada ya dakika kadhaa, na wengine wote wanamcheka.

Kila ushauri kati ya hiyo minne una ukweli wake, na ndiyo maana unachanganya. Kila mmoja ulizaliwa kwenye mbio fulani, yenye njia yake, hali yake ya hewa na lengo lake. Ukinyofolewa huko na kupewa mvuvi au mchimbaji mdogo anayetaka kumaliza ndani ya saa nne au tano, huenda ukamsaidia, huenda pia ukamwangusha njiani. Swali la kwanza, kabla ya kuchagua kasi, ni kujua unashindana na nani: na watu, na saa, au na umbali wenyewe.

Kilomita 42 zinadai nini mwilini

Marathoni ni kilomita 42.195. Kwa makadirio yanayotumika sana, mkimbiaji huchoma takriban kilokalori moja kwa kila kilo ya uzito wake kwa kila kilomita. Mtu wa kilo 62 atahitaji zaidi ya kilokalori 2,600 kufika mwisho. Wanga uliohifadhiwa kwenye misuli na ini, yaani glaikojeni, unaweza kumpa kama 2,000 hivi akiwa amekula vizuri. Pengo linalobaki hujazwa na mafuta ya mwili, ambayo hata mtu mwembamba anayo ya kutosha, lakini huungua polepole na kudai oksijeni nyingi zaidi.

Hapo ndipo kasi inapoingia. Kadiri unavyokimbia karibu na kikomo chako ndivyo mwili unavyokula wanga zaidi na kuacha mafuta. Anayetoka Nkome na boti kwenda visiwani huijua hesabu hii: akifungua mashine yote mwanzoni, petroli inamwishia kabla hajaona nchi kavu, hata kama tangi lilijaa alipoondoka. Mkimbiaji anayekwenda kwa pumzi za juu kilomita kumi za kwanza hahisi hasara yoyote wakati huo. Anaihisi kati ya kilomita ya 30 na ya 35, miguu inapogoma na akili kuanza kubishana nayo. Makosa ya asubuhi hulipwa wakati jua limeshapanda, na ni kwa sababu hii hasa watu hurudia kosa lile lile mwaka baada ya mwaka: maumivu yanapokuja, chanzo chake kimeshasahaulika.

Gharama ya pili ni joto. Sehemu ndogo tu ya nishati inayochomwa, kiasi cha robo au chini yake, hugeuka kuwa mwendo. Iliyobaki ni joto ambalo mwili lazima ulitoe nje kwa jasho. Damu inapelekwa kwenye ngozi, moyo unalazimika kupiga mara nyingi zaidi, na kasi iliyokuwa nyepesi kilomita ya tano inakuwa kazi nzito kilomita ya 25 ingawa namba kwenye saa haijabadilika. Huko Moshi, marathoni huanza saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Mabingwa humaliza karibu na saa tatu. Anayetumia muda wa saa nne anafika saa nne na nusu, na anayetumia saa tano anafika karibu na saa sita mchana, mwezi wa Februari. Kwa hiyo bingwa na mkimbiaji wa kawaida, ingawa wanapita barabara moja, hawakimbii katika hali moja ya hewa. Nashangaa jinsi jambo hili linavyosahaulika watu wanapopeana mipango ya mbio.

Kutangulia: urithi wa Bayi na Ikangaa

Watanzania wana sababu ya kupenda kutangulia. Filbert Bayi aliweka rekodi ya dunia ya mita 1,500 kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Christchurch, Februari 2, 1974, kwa dakika 3:32.2, akiongoza tangu mwanzo huku John Walker wa New Zealand akimfukuza bila kumfikia. Mbio zile ziliwafundisha wengi kwamba ujasiri ni kwenda mbele. Lakini zilichukua chini ya dakika nne, muda ambao hakuna anayeishiwa wanga. Bayi huyo huyo, mjini Moscow mwaka 1980 kwenye mita 3,000 kuruka viunzi na maji, alijenga pengo kubwa kisha akapitwa na Bronisław Malinowski wa Poland katika mzunguko wa mwisho. Fedha aliyopata ni ya heshima kubwa. Kwa mtu anayechambua kasi, mbio hiyo ina mafunzo zaidi kuliko ile ya Christchurch.

Ikangaa ndiye kielelezo chenyewe cha marathoni. Alikuwa wa pili Boston mara tatu mfululizo: 1988, 1989 na 1990. Mwaka 1988 Ibrahim Hussein wa Kenya alimshinda kwa sekunde moja, 2:08:43 dhidi ya 2:08:44. Ukitazama mbio ile utaelewa kwamba kutangulia kwake hakukuwa papara. Mkimbiaji asiye na mchomoko mkali wa mwisho hana faida ya kuwasubiri wenye mchomoko. Lazima awachoshe mapema. Mpango huo ulimlipa New York mwaka 1989, aliposhinda kwa 2:08:01, rekodi ya njia ile kwa wakati huo.

Boston ya 1990 ilionyesha upande wa pili. Ikangaa alikimbia nusu ya kwanza, ambayo ni mteremko kwa sehemu kubwa, kwa kasi ambayo ingevunja rekodi ya dunia kama ingedumu. Nyuma yake Gelindo Bordin wa Italia, bingwa wa Olimpiki wa 1988, aliwaacha viongozi waende. Milima ya Newton ya nusu ya pili ilipofika, Bordin akawa anapanda na Ikangaa anapungua. Muitalia alimaliza kwa 2:08:19, Mtanzania kwa 2:09:52.

Mkimbiaji wa kawaida anapotangulia huwa na sababu tofauti kabisa. Anaiita kujiwekea akiba ya muda: nitachoka tu mwishoni, basi nikusanye dakika mapema. Tuchukue mfano wa mtu mwenye uwezo wa kumaliza marathoni ya tambarare kwa saa nne, yaani dakika 5 na sekunde 41 kwa kilomita. Akikimbia nusu ya kwanza kwa 5:20, atafika kilomita 21.1 kwa saa 1 na dakika 52 na nusu, dakika saba na nusu mbele ya ratiba. Akigota na kulazimika kutembea-tembea, kilomita moja humla dakika saba hadi nane. Kilomita nne hadi sita tu za namna hiyo zinatosha kuimaliza akiba yote, na akiwa amegota kilomita ya 25 atakuwa bado ana kilomita 17. Upande wake mzuri ni mmoja: katika asubuhi yenye baridi, kilomita za mapema hukimbiwa kabla jua halijakaza. Ni hoja ya kweli, lakini inatosha kuruhusu sekunde chache kwa kilomita. Haitoshi kuruhusu ishirini.

Mwendo sawa: hesabu safi, barabara chafu

Wanaotetea mwendo sawa wana fizikia upande wao. Kupanda kasi hugharimu zaidi ya kile unachookoa unapoishusha, kwa hiyo kwenye njia tambarare, hewa ikiwa tulivu, mgawanyo ulio sawa ndio unaokula nishati kidogo zaidi. Eliud Kipchoge alipokimbia kilomita zote 42.195 kwa saa 1:59:40 mjini Vienna, Oktoba 12, 2019, kila kilomita ilikuwa karibu na dakika 2 na sekunde 50. Ila alikuwa na waongoza kasi 41 waliopokezana zamu, gari lililomulika mistari barabarani kuonyesha wapi pa kukanyaga, na njia iliyochaguliwa kwa kuwa haina mlima. Ndiyo maana muda ule haukuhesabiwa kuwa rekodi. Hata Kipchoge mwenyewe, alipoweka rekodi ya dunia Berlin mwaka 2022 kwa 2:01:09, nusu ya kwanza ilikuwa 59:51 na ya pili 61:18. Mwendo sawa kabisa ni adimu hata kwa anayeujua kuliko wote.

Kwa mkimbiaji wa kawaida faida yake ni wepesi: namba moja, unaiandika mkononi kwa kalamu, basi. Udhaifu wake uko sehemu mbili.

Kwanza, namba yenyewe imetoka wapi? Wengi huchagua saa nne kwa sababu inasikika vizuri. Kuna kanuni ya Pete Riegel, mhandisi Mmarekani, inayotumika tangu miaka ya 1970: chukua muda wako wa nusu marathoni, zidisha kwa takriban 2.085. Nusu ya saa 1 na dakika 55 hukupa marathoni ya saa nne. Kanuni hii humfaa aliyefanya mazoezi ya kutosha ya umbali mrefu. Anayekimbia kilomita 30 kwa wiki kati ya shifti za mgodini, na ambaye hajawahi kupita kilomita 25 kwa mara moja, aongeze dakika 15 hadi 20 juu ya jibu hilo kabla hajaliamini.

Pili, Moshi si tambarare. Njia ya Kilimanjaro Marathon hutoka mjini kuelekea barabara ya Dar es Salaam na kurudi, sehemu ambayo haina mlima wa kutisha. Kisha, karibu na nusu ya safari, inageuka kuelekea Mweka na kupanda kwa kilomita kama 11, takriban mita 300 juu, kati ya migomba na mibuni. Karibu na kilomita ya 32 unageuka na kuteremka hadi mwisho. Mtu anayeng'ang'ania 5:41 kwenye mpando ule anatumia nguvu za mtu anayekimbia karibu 5:00 kwenye tambarare. Saa yake itamsifu kila kilomita mpaka itakapoacha kumsifu.

Boston 2023 ilitoa onyo kwa watu wazito kabisa. Kipchoge, mtu wa mwendo sawa, aliongoza kwa kasi kwenye mteremko wa mwanzo, akaachwa kwenye milima ya Newton, akamaliza wa sita. Gabriel Geay wa Tanzania, mwenye rekodi ya taifa ya 2:03:00 aliyoiweka Valencia Desemba 2022, alikuwa wa pili kwa 2:06:04, nyuma ya Evans Chebet. Moshi na Boston zinafanana kwa hili moja tu: mlima umewekwa pale ambapo wanga umeanza kupungua.

Kujibana na kumaliza kwa kasi

Hii ndiyo sera inayosifiwa zaidi leo, na marehemu Kelvin Kiptum wa Kenya ndiye aliyeipa uzito. London, Aprili 2023, alikimbia nusu ya kwanza kwa 61:40 na ya pili kwa 59:45. Chicago, Oktoba mwaka huo, aliweka rekodi ya dunia ya 2:00:35, nusu ya kwanza 60:48 na ya pili 59:47. Anayeanza chini ya uwezo wake huhifadhi wanga, hudhibiti joto, na huingia kilomita ya 30 akiwapita watu badala ya kupitwa. Nguvu ya moyo anayopewa mtu na kule kupita wenzake haipimwi kwa saa, lakini kila aliyewahi kuikosa anaijua.

Simbu mara nyingi huwekwa kwenye kundi hili. Hapo pana haja ya kutulia kidogo. Aprili 2025 alikuwa wa pili Boston kwa 2:05:04. Septemba mwaka huo alikuwa bingwa wa dunia Tokyo kwa 2:09:48. Dhahabu ilikuja kwa muda uliozidi ule wa nafasi ya pili kwa karibu dakika tano. Sababu ni kwamba Tokyo hakukuwa na waongoza kasi waliolipwa, joto na unyevu vilikuwa vikali, na hakuna aliyejali saa. Kila mmoja alitaka wenzake wavute, na aliyebakiza kitu kwa mita mia za mwisho ndiye angeshinda. Simbu hakujibana ili apate muda mzuri. Alijibana kwa sababu waliokuwa mbele yake walikuwa wanajibana. Ni mchezo wa kushindana na watu, naye ana uzoefu nao tangu shaba ya Mashindano ya Dunia ya London mwaka 2017. Mtu wa nambari ya elfu mbili kwenye msafara wa Moshi hana Petros wa kumvizia.

Kwa hiyo kinachobaki kwa mkimbiaji wa kawaida ni sehemu ya Kiptum: anza chini, panda baadaye. Ni ushauri mzuri wenye tatizo la kijiografia. Ukiufuata kwa herufi Moshi, "baadaye" inaangukia kwenye mpando wa Mweka. Aliyejiahidi kwamba baada ya nusu ataongeza kasi atakuta barabara inamwomba apunguze. Wapo wanaotimiza ahadi hiyo kwa kiburi, wakafika geuzio la kilomita ya 32 wakiwa hawana miguu ya kuteremkia. Na mteremko nao una bei yake: kila hatua misuli ya mapaja inajikaza huku ikivutwa, ikipasuka kidogo kidogo. Kilomita kumi za kuteremka ni zawadi kwa mwenye mapaja mazima na adhabu kwa mwenye mapaja yaliyochoka.

Kukimbia kwa pumzi, na wale wanaotembea

Njia ya nne haina namba. Unapima juhudi: unaweza kusema sentensi nzima bila kukatika? Uko salama. Unasema maneno matatu kisha unavuta hewa? Umevuka mpaka. Kipimo hiki kinajirekebisha chenyewe kwa mlima, joto, upepo, na hata usingizi ulioukosa kwenye basi. Kwenye mpando kitakupunguza bila kuomba ruhusa ya saa. Kwenye mteremko kitakuachia. Kwa njia yenye milima na jua hakuna kipimo kinachokizidi.

Ila kina kasoro ambayo wanaokipenda hawaisemi sana: pumzi hudanganya kilomita kumi za kwanza. Mkimbiaji amepumzika wiki nzima, kumekucha na baridi, muziki unapigwa, watu maelfu wanaondoka kwa kishindo. Kasi inayomwua inahisi kama matembezi. Tafiti za matokeo ya marathoni kubwa zimeonyesha kwamba wakimbiaji wa kawaida wengi hupungua nusu ya pili, na kwamba wanaume hupungua zaidi ya wanawake. Sehemu ya tofauti hiyo huenda ni ya kimwili. Sehemu nyingine, kwa maoni yangu, ni ile ya kutokubali kupitwa na mtu mwenye viatu vibovu kuliko vyako.

Kuhusu kutembea, dharau iliyopo haistahili. Jeff Galloway, aliyeiwakilisha Marekani kwenye mita 10,000 Olimpiki ya 1972, aliutangaza mfumo wa kuchanganya kukimbia na kutembea kwa mpangilio tangu mwanzo, kabla mtu hajachoka. Misuli hupata nafuu ya muda, joto hupungua, na maji hunyweka bila kumwagikia kifuani. Gharama yake ni kwamba anayetaka muda mkali hawezi kuzirudisha zile dakika, na wengine wakisimama misuli inakaza. Watu wanapenda kumtaja John Stephen Akhwari kupinga kutembea. Mexico City mwaka 1968 Akhwari alianguka, akaumia goti, akamaliza wa mwisho kati ya 57 waliofika, kwa 3:25:27. Ushujaa wake hauna mjadala. Lakini alifika akichechemea, sehemu kwa kutembea, katika mji ulio mita 2,240 juu ya usawa wa bahari, na hewa nyepesi ya kule ilikuwa imeshamletea mkakamao wa misuli kabla hajaanguka. Yeyote anayemtaja kuwakebehi wanaotembea hajaitazama vizuri picha ile.

Anachobeba na asichobeba mtu wa Nkome

Mwinuko haumsumbui. Ziwa Victoria liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, juu kuliko Moshi mjini, ambako ni mita 800 hadi 900. Anayefanya mazoezi ufukweni Nkome amezoea hewa nyepesi kidogo kuliko ile ya mstari wa kuanzia. Asitarajie faida kubwa, lakini asiogope kuishiwa hewa Mweka.

Kinachomsumbua ni mengine matatu. La kwanza ni mteremko. Ufukweni ni tambarare, na mapaja ambayo hayajawahi kuteremka kwa muda mrefu hayajifunzi siku ya mbio. Vilima vya upande wa Geita vipo karibu; mazoezi machache ya kushuka vilima hivyo, wiki tatu au nne kabla ya safari, yana thamani zaidi kuliko saa mpya ya mkononi.

La pili ni safari. Kutoka Nkome hadi Moshi ni kukatiza Mwanza, Shinyanga, Singida na Arusha, mwendo mrefu wa basi miguu ikiwa imekunjwa. Daraja la J.P. Magufuli la Kigongo–Busisi, la kilomita 3, lililofunguliwa Juni 2025, limeondoa foleni ya kivuko, jambo linalowasaidia zaidi wanaochagua Rock City Marathon ya Mwanza, ambayo iko mlangoni mwao. Kwa Moshi, anayefika Ijumaa na anayefika Jumamosi usiku hawapaswi kuwa na mpango mmoja wa kasi. Wa pili aongeze dakika kumi kwenye muda anaouota kabla bunduki haijalia.

La tatu ni chakula na kazi. Hapa ukanda huu umebarikiwa na watu hawajui. Michembe na matobolwa, viazi vitamu vilivyokaushwa ambavyo kila nyumba ya Kisukuma inavifahamu, ni wanga mtupu unaobebeka. Siku mbili za kula hivyo pamoja na ugali na wali zinajaza glaikojeni vizuri kuliko nyama choma ya kuagana. Njiani, gramu 30 hadi 60 za wanga kwa kila saa, hata za glukosi ya pakiti, hupunguza pengo la zile kilokalori 600. Zijaribiwe mazoezini kwanza, maana tumbo nalo hugoma. Maji yanywewe kwa kiu; kuyabugia kila kituo hupunguza chumvi katika damu na kumewahi kuwalaza watu hospitali. Anayevua dagaa usiku au kuingia shimoni kwa shifti atapunguza kazi wiki ya mwisho kama anaweza. Kama hawezi, na wengi hawawezi, lengo lake lishuke. Hakuna sera ya kasi inayofidia usingizi.

Uamuzi

Kwa anayefukuzia zawadi ya fedha mbele, kasi yake itaamuliwa na waliomzunguka. Asome Tokyo, asome pia Boston ya 1990. Hao ni wachache.

Kwa anayekimbia mara ya kwanza, au anayetarajia kutumia zaidi ya saa nne na nusu, mchanganyiko wa kukimbia na kutembea kwa mpangilio ndio wenye hatari ndogo zaidi, na mpando wa Mweka utembewe bila aibu pale pumzi inapokatika.

Waliobaki katikati, na ndio wengi wanaouliza, wasichague kati ya saa na pumzi. Wavigawie zamu. Saa itumike nusu ya kwanza kwa kazi moja tu, kuwazuia, kwa sababu huko ndiko pumzi inakodanganya. Kuanzia geuzio la kwenda Mweka saa ifunikwe na mkono wa fulana, pumzi ishike uongozi, kwa sababu huko ndiko saa inakodanganya. Yule mwenye uwezo wa saa nne kwenye tambarare aende 5:45 hadi nusu ya njia, apande kwa takriban 6:30, ateremke kwa 5:30. Atamaliza kwa saa nne na dakika nane hivi. Mwenzake aliyejiwekea akiba kwa 5:20, akapanda kwa dakika nane kwa kilomita na kuteremka kwa saba, atamaliza kwa saa nne na dakika thelathini na moja, ingawa kilomita 21 alikuwa mbele kwa karibu dakika tisa.

Dakika hizo nane zinazozidi saa nne ni bei ya Mweka, na kila anayepita njia ile huilipa kwa namna moja au nyingine. Anayetaka saa nne kamili atafute njia tambarare. Anayekwenda Moshi na uwezo huo, akikuta amefika nusu kwa muda usiotimia saa mbili, ajue amekwenda kasi mno, na apunguze hapo hapo kabla mlima haujamsimamisha.